Taa ya motere ikiwaka, mwenye gari aone kode kabla ya kununua piesi

Katika miji mingi ya mashariki mwa Kongo, kutoka Bunia na Butembo hadi Bukavu na Uvira, taa moja ndogo ya manjano inakula pesa za wakaaji. Ni taa ya motere, ile inayowaka kwenye tablo mbele ya dereva. Taa hiyo haisemi ugonjwa ni gani. Inasema tu kwamba kompyuta ya gari imeona jambo lisilo la kawaida. Lakini gari ikifika garaji, mara nyingi kazi inaanza kwa kubahatisha: leo buji zinabadilishwa, kesho bobini, kesho kutwa pompi ya esansi. Kila piesi inalipwa. Taa inazimika siku mbili, halafu inawaka tena.

Kwa mwenye pesa, hiyo ni hasara. Kwa dereva wa taxi, ni njaa. Kila jioni anapashwa kumpelekea mwenye gari pesa waliyopatana. Gari ikilala garaji siku tatu, siku hizo tatu watoto wake wanazisikia tumboni. Na akilipia piesi ambayo haikuwa na kosa lolote, hakuna anayemrudishia pesa yake, kwa sababu duka la piesi halirudishi kitu kilichokwisha kufungwa kwenye motere.

Dawa ya kubahatisha iko, na bei yake si kubwa. Ni skana inayounganishwa na kompyuta ya kubeba, ile ambayo vijana wengi wanaiita mashini. Upande mmoja wa waya unaingia kwenye kompyuta. Upande mwingine una prizi ya meno 16 inayoingia chini ya tablo, karibu na magoti ya dereva. Skana ya kawaida mara nyingi haifikii bei ya mpira mmoja mpya wa gari. Programu zake nyingine ni za bure, nyingine za kulipa. Mwenye gari anaweza kufanya kazi hiyo kwenye kiwanja cha nyumba yake, kontakti ikiwa imefunguliwa, bila kufungua hata skrubu moja.

Prizi hiyo haikuwekwa kwa bahati. Marekani ililazimisha magari mapya ya modeli ya 1996 na kuendelea yawe na mfumo mmoja wa kusoma makosa, unaoitwa OBD-II. Umoja wa Ulaya ulifuata mwaka 2001 kwa magari mapya ya esansi, na yale ya mazuti yakaja miaka michache nyuma. Kusudi la kwanza lilikuwa kulinda hewa na moshi mbaya. Faida ya pili ni kwamba gari iliyotumika Ubelgiji ikaletwa Kongo inaweza kusomwa na skana ileile inayosoma gari iliyotoka Marekani.

Kosa linaandikwa kwa kode, yaani herufi moja na alama nne. Mfano ni P0301. Herufi P inaonyesha kwamba jambo linahusu motere au giabogisi. Sifuri inayofuata inaonyesha kwamba ni kode ya wote, si ya kiwanda kimoja. Tarakimu 3 inaelekeza kwenye mwako. Na 01 ni silindri ya kwanza. Maana yake: silindri ya kwanza inakosa kuwaka sawasawa.

Hapa ndipo watu wengi wanapotea. P0301 haisemi «nunua bobini». Haisemi «nunua buji». Inasema silindri namba moja haichomi vizuri, basi. Sababu inaweza kuwa buji, bobini, enjekteri, waya uliokatika, au motere yenyewe iliyochoka. Skana haiko fundi. Inaonyesha mlango wa kubisha, haionyeshi aliye ndani.

Lakini kujua mlango tu kunaokoa pesa nyingi. Kwenye motere ambayo kila silindri ina bobini yake, kuna jaribio lisilogharimu hata franka moja. Motere ikiwa imezimwa na imepoa, bobini ya silindri ya kwanza inahamishwa kwa silindri ya pili, na ya pili inaletwa kwa ya kwanza. Kode inafutwa, gari inatembezwa kidogo, kisha inasomwa tena. Kama sasa ni P0302, kosa limehama pamoja na bobini: hiyo ndiyo ya kubadilisha, moja tu, si zote nne. Kama bado ni P0301, bobini haina kosa, na uchunguzi unaendelea kwa buji, kisha enjekteri. Dakika ishirini za kazi zinazuia kununua bobini tatu zisizo na ugonjwa.

Mfano mwingine unagusa sana mashariki mwa inchi. Kode P0171 inasema hewa ni nyingi kuliko esansi ndani ya motere. Wengi wakiiona wanakimbilia kununua kapteri ya oksijeni. Kumbe mara nyingi kapteri hiyo ni shahidi tu: imesema ukweli, na inaadhibiwa kwa kusema ukweli. Kosa linaweza kuwa tiyo ya hewa iliyopasuka, filtri ya esansi iliyoziba, au pompi iliyochoka. Na mahali ambapo watu wengi wananunua esansi ya bidoni kwa wauzaji wa kando ya barabara, wale wanaoitwa Kadhafi, inafaa pia kuuliza ni kitu gani kiliingia ndani ya tanki juzi.

Kompyuta ya kubeba inasaidia hapo kuliko kifaa kidogo kinachosoma kode peke yake. Kwenye kioo chake kikubwa, mwenye gari anaona hesabu za motere zikibadilika wakati inapozunguka. Kati ya hesabu hizo kuna asilimia ya esansi ambayo kompyuta ya gari inaongeza au inapunguza. Ikiwa inaongeza sana wakati gari imesimama na motere inazunguka polepole, halafu inarudi karibu na kawaida motere ikiongezewa mwendo, inafaa kutafuta tiyo inayoingiza hewa. Ikiwa ni kinyume, yaani ongezeko linapanda wakati motere inapobeba mzigo, shaka inaelekea filtri au pompi. Hayo hayaonekani kwa macho wala kwa kusikiliza sauti.

Hali ya joto ni vilevile. Motere nyingi zinafanya kazi vizuri kati ya digrii 80 na 100. Katika garaji nyingi, gari inayochemka inaondolewa termostati, na mteja anaambiwa amepona. Barabarani Bukavu–Uvira, kwenye vilima vya Ngomo, gari hiyo inaweza kuchemka tena, kwa sababu ugonjwa ulikuwa radiateri iliyoziba au feni isiyozunguka. Na kwenye tambarare au asubuhi ya baridi, motere inabaki baridi mno, kompyuta inaongeza esansi, na tanki linaisha upesi. Dereva analaumu esansi. Skana ingemwonyesha digrii zilizobaki chini, na pengine kode P0128 inayosema wazi kwamba maji ya motere hayafikii joto linalotakiwa.

Batri nayo ichunguzwe kwanza. Motere ikizunguka, volti zinapashwa kuwa karibu 13.5 hadi 14.5 kwenye magari mengi. Batri dhaifu inaweza kuzaa kode nyingi zisizohusiana, moja ya freni, nyingine ya giabogisi, nyingine ya kapteri. Mtu anayenunua piesi kwa kila moja ya kode hizo atafilisika kabla ya kugundua kwamba waya wa batri ulikuwa umelegea.

Mipaka ya skana isemwe pia, ili asiwepo mtu wa kudanganywa. Land Cruiser yenye motere ya 1HZ, inayopendwa sana kwenye barabara mbaya, ina pompi ya mazuti isiyoongozwa na kompyuta. Kwenye motere hiyo skana haina kitu cha kusoma, na sikio la fundi mzee bado ndilo chombo bora. Magari mengi yaliyotengenezwa kwa soko la ndani la Japani katika miaka ya 1990 na mwanzo wa 2000 yana prizi inayofanana, lakini hayajibu kila skana. Toyota nyingi za aina hiyo zinahitaji programu ya kiwanda chenyewe, Techstream, na waya wake. Zaidi ya hayo, skana ya bei ndogo kwa kawaida haifikii kompyuta ya freni za ABS wala ya mifuko ya hewa. Na hakuna skana inayoona plaketi za freni zilizoisha, mpira uliochakaa au rotile iliyolegea. Taa ya motere kuzimika si cheti cha kwamba gari iko salama.

Kuna ubaya mwingine unaokuja pamoja na kifaa hiki: kufuta kode bila kutengeneza. Ni kubonyeza mara moja, taa inazimika, mteja analipa, anaondoka akifurahi. Kufuta namna hiyo kunaondoa pia habari ambayo kompyuta iliweka kuhusu saa kosa lilipotokea: mwendo wa gari, joto la motere, mzigo uliokuwepo. Ni kama kumpa mgonjwa dawa ya homa na kuchana karatasi ya laboratwari. Wauzaji wengine wa magari yaliyotumika nao wanajua mchezo huo. Lakini gari haisahau upesi hivyo. Baada ya kufutwa, majaribio ambayo kompyuta inajifanyia yenyewe yanaonekana kwenye skana kuwa «hayajamalizika». Mnunuzi akikuta hivyo kwenye gari ambayo anaambiwa inatembea kila siku, na batri haikuondolewa karibuni, aulize sababu kabla ya kutoa dola zake.

Mafundi wengi hawapendi mazungumzo haya. Wanasema mwenye gari akijisomea kode atakuja garaji akijifanya mwalimu, na mkate wa fundi utapungua. Malalamiko hayo yana sehemu ya ukweli: kode mikononi mwa mtu asiyeielewa inaweza kuleta ubishi bila faida. Lakini fundi mwema hana cha kupoteza. Yeye halipwi kwa kusoma kode, analipwa kwa kujua kati ya sababu tano ni ipi ya kweli, na kwa mikono inayoitengeneza. Anayepoteza ni yule aliyekuwa akiuza piesi kwa kubahatisha. Na mteja anayefika na kode iliyoandikwa kwenye karatasi anampunguzia fundi mwema nusu ya kazi ya kutafuta.

Kwa hiyo, mambo machache yanapashwa kuwa desturi. La kwanza ni la garaji: mteja aonyeshwe kode kwenye kioo kabla ya piesi kununuliwa, kode hiyo iandikwe kwenye risiti, na baada ya kazi gari isomwe tena mbele yake. Hilo halihitaji sheria mpya. Linahitaji wateja wanaolidai. Piesi ya zamani nayo mteja apewe mkononi.

La pili ni la madereva wa taxi na vyama vyao. Si lazima kila mmoja awe na skana na kompyuta. Chama kimoja kinaweza kununua kimoja, kikamweka kijana aliyejifunza vizuri, na wanachama wakapima magari yao kwa zamu. La tatu ni la shule za ufundi. Mwanafunzi anayemaliza masomo ya mekanika bila kugusa skana anaingia kwenye kazi akiwa amechelewa, kwani magari yanayoingia inchini sasa yana kompyuta nyingi kuliko yale ambayo walimu wake walijifunzia.

La nne ni la mwenye gari mwenyewe. Aandike kode kabla ya kufuta chochote. Asiendelee kuendesha taa ikipepesa, kwa sababu taa inayopepesa mara nyingi ni onyo kwamba motere inakosa kuwaka kiasi cha kuunguza katalizeri. Asiwashe motere ndani ya garaji iliyofungwa, kwani moshi wake unaua bila harufu ya kutosha kumwonya. Asitazame kompyuta huku akiendesha: mwingine aendeshe, yeye asome. Na programu asichukue popote tu, maana nyingi zinazopitishwa kwa klefu ya USB zina virusi.

Gari katika mashariki mwa Kongo si mapambo. Inabeba viazi kutoka mashambani, wanawake wajawazito usiku, na karo za shule za watoto wa dereva. Pesa inayotumika kununua piesi isiyotakiwa ni pesa iliyotolewa kwenye mambo hayo. Mwenye gari anayo haki ya kujua anachokilipia, na sasa anaweza kukisoma mwenyewe, mbele ya fundi wake, kabla ya kufungua mfuko.