Kompyuta ya Nyumbani Isiwe Pambo la Sebule

Siku hizi ni nadra kuikuta nyumba yenye mwana wa shule ambamo neno kompyuta halijatajwa. Mtaala wa umilisi, ulioanza kutumiwa katika madarasa ya chini kote nchini Kenya mwaka 2019, unamtaka mwanafunzi aizoee mitambo hii tangu udogoni. Kabla ya hapo, kuanzia mwaka 2016, serikali ilikuwa imekwisha kuanza kugawa vishikwambi katika shule za msingi za umma. Lakini kishikwambi cha shule hubaki shuleni, na mtoto arudipo nyumbani hana budi kuiomba simu ya mzazi. Simu nayo ni chombo cha kusomea ujumbe na kutazamia picha; kuandikia insha ya kurasa nne au kupangia hesabu za duka ni kujitesa bure.

Ndipo wazazi wanapoingia madukani. Na huko ndiko fedha za wengi zipoteapo, kwani mtu huenda kununua kompyuta kama anunuavyo kabati: hutazama ukubwa, rangi na mng'aro. Maoni yangu ni kwamba kwa nyumba ya kawaida, kompyuta ifaayo zaidi ni ile ndogo ya mezani, ya ukubwa wa kitabu kinene, iliyokwisha kutumika ofisini na kutengenezwa upya, ikawekwa mahali pa wazi kwa matumizi ya wote. Nitaeleza sababu zangu, na nitaeleza pia inapokosa kufaa.

Nimeichagua miji ya Kitale na Bungoma iwe mfano, na msomaji wa Mombasa, Malindi au Lamu asidhani kuwa ya huko hayamhusu. Bungoma iko katika njia ile ile ya reli na ya malori itokayo Mombasa kwenda Malaba. Watu wa Pwani wamekuwa wakipita na kulowea pande hizo tangu karne ya 19, misafara ya Waswahili ilipokuwa ikifika Mumias, mji ulio jirani. Hadi leo wako ndugu zetu walimu, wenye maduka na madereva waliotia nanga huko, na wengi wao huagiza mitambo yao kutoka Mombasa au Nairobi bila kuiona kwa macho.

Tena uchumi wa pande hizo una funzo. Kitale ndiyo makao makuu ya Trans Nzoia, nchi ya mahindi. Mkulima wa huko aghalabu huvuna mara moja kwa mwaka, na fedha za mavuno hayo tayari zinangojewa na mbegu, mbolea na karo ya Januari. Kwa mtu kama huyo kompyuta mbovu si hasara ya wiki moja. Ni hasara ya mwaka mzima, kwa maana shilingi nyingine kama zile hazitaonekana mpaka mahindi mengine yakauke shambani. Basi tukichagua kwa hadhari ya mkulima wa Kitale, hata mvuvi wa Kipini na mwenye kibanda wa Kisauni hatajuta.

Kompyuta ninazozisema si kitu cha ajabu. Kampuni ya Lenovo huziita ThinkCentre Tiny, HP huziita EliteDesk Mini na ProDesk Mini, na Dell ilikuwa ikiziita OptiPlex Micro. Zote zina upana wa sentimita 18 hivi kila upande, na unene usiozidi sentimita 4. Maofisi ya Ulaya na Marekani huzinunua kwa wingi, na baada ya miaka michache huziondoa na kuweka mpya. Hizo zilizoondolewa ndizo ziletwazo Afrika Mashariki. Ziliundwa zifanye kazi kutwa nzima, na kufungua kifuniko chake ni jambo la skrubu moja au mbili, hata fundi wa mtaani akaweza kubadilisha diski kwa dakika chache.

Si kwamba mpya hazipo. Apple ilitoa Mac mini ya kwanza mwaka 2005, na ile iliyotoka mwaka 2024 ina upana wa sentimita 12.7 tu. Ni mtambo mzuri, lakini kumbukumbu yake, yaani RAM, haiongezwi baada ya kununuliwa. Ulichochukua dukani ndicho utakachozeeka nacho. Ziko pia ndogo mpya zenye prosesa ya Intel N100 iliyotolewa mwaka 2023. Hizi hula umeme kidogo sana, na kwa kusoma, kuandika na kutazama mafunzo zinatosha. Ila nyingi zina majina yasiyojulikana, na mwenye kuinunua ajiulize mapema: adapta yake ikifa, nitapata wapi nyingine? Kwa Lenovo, HP na Dell za ofisini swali hilo lina jibu, kwani vipuri vyake vimejaa sokoni.

Sababu yangu ya kwanza ni stima. Tuseme kompyuta kubwa ya zamani inakula wati 80, na hii ndogo, katika kazi nyepesi, inakula wati 15. Zikiwashwa saa 6 kila siku kwa siku 30, ile kubwa itamaliza yuniti 14.4 na hii ndogo yuniti 2.7, mbali na kiwambo. Tofauti ni karibu yuniti 12 kwa mwezi. Mama anayenunua tokeni kidogo kidogo hahitaji kuelezwa zaidi. Na kwa nyumba za mashambani zitumiazo nguvu za jua, tofauti hiyo ndiyo inayoamua kama kompyuta itawaka usiku au la.

Sababu ya pili ni malezi. Laptopu hubebeka, na kinachobebeka hufuata mtu chumbani, mlango ukafungwa. Kompyuta ya mezani hukaa mahali pake. Ikiwekwa sebuleni, kiwambo kikitazama watu, baba ataona, mama ataona, na bibi aliyekaa kwenye mkeka ataona pia, hata kama hajui kusoma. Sisemi kwamba mtoto alindwe kama mfungwa. Nasema kwamba intaneti ni mlango wa barabarani, na mlango wa barabarani haujengwi katika chumba cha kulala cha mtoto wa miaka 12. Zaidi ya hayo, kompyuta ya sebuleni ni ya wote: kaka akimaliza kazi yake, dada hukaa, dada akimaliza, mama hupiga hesabu za biashara yake ya vitumbua. Laptopu ya mtu mmoja aghalabu huwa mali ya yule mwenye sauti kubwa nyumbani, na wasichana ndio wanaobaki wakingoja.

Sasa nije kwenye upungufu wake, maana asifuye kitu kwa upande mmoja humdanganya msikizaji. Kompyuta hii haina betri. Stima ikikatika, kazi isiyohifadhiwa imekwenda. Na Kitale na Bungoma ziko karibu na Mlima Elgon, ambako mvua za alasiri huja na radi nyingi. Radi ni adui wa kila chombo chenye waya. Kwa hiyo mwenye kununua kompyuta ya namna hii atenge fedha za UPS tangu mwanzo, na ngurumo zikianza achomoe waya ukutani, hata kama UPS ipo. Kadhalika, mwanafunzi anayelala bwenini katika Chuo Kikuu cha Kibabii, kule Bungoma, na kurudi Mombasa wakati wa likizo, asinunuliwe sanduku lisilo betri wala kiwambo. Huyo haki yake ni laptopu. Ninayoyasema ni ya nyumba, si ya msafiri.

Jambo la tatu ndilo lenye mtego mkubwa, nalo ni kizazi cha prosesa. Tarehe 14 Oktoba 2025 Microsoft iliacha kuihudumia Windows 10 kwa utaratibu wa kawaida. Windows 11, iliyotoka Oktoba 2021, kwa upande wa prosesa za Intel hukubali rasmi zile za kizazi cha 8 na kuendelea. Maofisi mengi ya ng'ambo yalizitupa kwa mpigo kompyuta zisizofikia sharti hilo, na sasa ndizo zinazouzwa rahisi. Msomaji ajifunze kusoma namba. Prosesa iandikwayo i5-6500T ni ya kizazi cha 6. I5-8500T ni ya kizazi cha 8. I5-10500T ni ya kizazi cha 10. Ile herufi T mwishoni inaonyesha kwamba imeundwa kutumia umeme mdogo.

Wako wauzaji waitiao Windows 11 kwa nguvu ndani ya kompyuta ya kizazi cha 6 na kuiuza kama isiyo na kasoro. Itawaka, naam, lakini Microsoft haikuahidi kuiletea marekebisho, na bila marekebisho mtambo unaofanyiwa malipo na huduma za serikali hubaki bila kinga. Ikiwa fedha zako zinatosha kizazi cha 6 tu, inunue kwa bei ya kizazi cha 6, kisha umwombe fundi aweke Linux Mint au Ubuntu, ambazo hazilipiwi na zinaendelea kuhudumiwa. Kwa mtoto wa kuandika na kusoma hiyo yatosha kabisa.

Ukisha kuhakikisha kizazi, uliza haya mengine kabla hujatoa shilingi. RAM isipungue gigabaiti 8. Diski iwe ya aina ya SSD, gigabaiti 256, wala usikubali diski ya kuzunguka kwa sababu ati ina nafasi kubwa. Itakuchelewesha kila siku. Uliza kama ina Wi-Fi, kwa kuwa kompyuta nyingi za ofisini zilitumia waya na hazikutiwa kadi hiyo. Tazama matundu ya nyuma: baadhi yana DisplayPort peke yake, nawe nyumbani una televisheni ya HDMI. Adapta iwe ya asili, maana kompyuta ya Dell ikipewa adapta isiyoitambua hupunguza mwendo wake, na mwenyewe akadhani amerogwa. Mwisho, iwashe mbele ya muuzaji na uingie kwenye mipangilio ya mwanzo kabisa, uone kama haikufungwa kwa neno la siri la ofisi ilikotoka.

Na ukumbuke kwamba sanduku si kompyuta kamili. Ongeza kiwambo, kibodi, kipanya na UPS, ndipo ulinganishe bei na laptopu. Mwenye televisheni ya kisasa anaweza kuanza nayo badala ya kiwambo, akanunua kiwambo mavuno yajayo.

Katika bei pana neno la kuwaambia Waislamu wenzangu wa Pwani. Mitambo mingi siku hizi huuzwa kwa malipo ya polepole. Kulipa polepole si dhambi. Wanazuoni wengi wameruhusu, maadamu bei imekatwa mapema na haibadiliki. Lakini mkataba unaoongeza deni kila unapochelewa umeingia penye riba, na ni vyema kumwonyesha shehe unayemwamini kabla ya kutia saini. Vile vile sheria ya Kiislamu humtaka muuzaji aitaje aibu ya bidhaa yake. Basi mnunuzi asione haya kudai iandikwe kwenye risiti: kizazi fulani, RAM kadhaa, diski kadhaa, na siku za kurudisha ikiwa mbovu. Anayemtumia ndugu yake mzigo kutoka Mombasa mpaka Bungoma ana haja ya karatasi hiyo zaidi ya mtu mwingine yeyote.

Kuitunza nako kuna mila zake. Kwetu Pwani adui ni hewa ya chumvi na unyevu. Isiwekwe chini ya dirisha linalotazama bahari. Kitale wakati wa kiangazi adui ni vumbi. Fundi aifungue na kuipuliza angalau mara mbili kwa mwaka. Na ile desturi yetu ya kufunika kila chombo cha thamani kwa kitambaa cha darizi tuiache hapa. Kompyuta ndogo ina feni ndogo, na feni iliyofunikwa ni mtu aliyezibwa pua. Ifunike ikiwa imezimwa na imepoa, si inapofanya kazi.

Nyumba zetu zina kazi nyingi za kuipa. Mashine hizi hukubali kibodi ya Kiarabu pamoja na ile ya kawaida. Mzee mwenye barua na tenzi za baba yake zilizoandikwa kwa herufi za Kiarabu anaweza kuwaita wajukuu wakazipiga picha, wakazihifadhi na kuziandika upya kwa herufi za leo, yeye akiwasomea. Karatasi hizo zinaliwa na mchwa Lamu kama zinavyoliwa na mchwa Bungoma, na kuzipoteza hakuna dukani pa kununua nyingine.

Kwa hiyo kabla ya kwenda dukani, kaeni nyumbani wote pamoja, mchukue karatasi, na kila mmoja aandike kazi atakayoifanya kwa kompyuta hiyo. Karatasi ikijaa kazi, nunueni, hata iwe ndogo na iliyotumika. Ikibaki tupu, mbolea na karo zina haki zaidi ya fedha hizo, na kompyuta ingoje mwaka mwingine.