Chizi wa Kariakoo Siye Unayemdhania

Kila mtaa wa Kariakoo una chizi wake. Anaokota makopo, anaongoza magari yasiyomsikiliza, na wamachinga wamempa jina la utani na kikombe cha chai. Ukiwauliza wamejuaje kuwa ni mgonjwa, watakucheka: dishi limeyumba, kwani wewe humwoni?

Kosa letu limejificha humo. Tumeufanya ugonjwa wa akili kuwa kitu cha kuonekana kwa macho. Aliyepiga pasi shati lake na kufungua fremu saa mbili asubuhi tunamhesabu mzima. Akisema halali usiku, tunamjibu ana mawazo tu, na mawazo nani hana? Sonona tumewaachia Wazungu, wenye nafasi ya kuhuzunika. Sisi tuna marejesho ya mikopo ya kausha damu ifikapo Ijumaa.

Tunalisema hili kwa kujidai, kana kwamba ni urithi wa mababu. Kumbe Mzungu alilisema kabla yetu, tena kwa kututukana. J. C. Carothers, daktari aliyeongoza hospitali ya Mathari jijini Nairobi, aliandika katika kitabu kilichotolewa na Shirika la Afya Duniani mwaka 1953 kwamba sonona ni adimu kwa Mwafrika. Aliwahi hata kuifananisha akili yetu na ya Mzungu aliyekatwa sehemu ya mbele ya ubongo.

Ukiiweka dharau kando, kosa lake lilikuwa la hesabu. Aliwahesabu waliofikishwa hospitalini, na aliyefikishwa huko enzi zile aghalabu ni yule aliyewashinda watu kwa fujo. Aliyejifungia chumbani akilia hakuna aliyemfuata. Baadaye John Orley na John Wing waliingia katika vijiji viwili vya Uganda, wakauliza watu majumbani mwao. Matokeo yao, yaliyochapishwa mwaka 1979, yalionyesha sonona nyingi kuliko katika sehemu ya London waliyoilinganisha navyo.

Daktari anayeijua kazi yake haangalii shati. Mwongozo wa kimataifa wa magonjwa unaotumika tangu 2022 unamtaka atafute dalili za sonona zisizopungua tano, zinazomkaa mtu karibu kila siku kwa wiki mbili au zaidi, na kumvurugia kazi au nyumba: huzuni, kukosa hamu ya mambo aliyoyapenda, usingizi kupotea, nguvu kuisha, kujiona hafai, kuwaza kifo. Anapima pia kama chanzo ni tezi ya shingo, pombe au dawa anazotumia.

Hata pepo limepewa nafasi yake katika mwongozo huo. Anayepandisha kwenye ngoma, kwa mila wanayoikubali watu wake, mwongozo haumwiti mgonjwa. Ugonjwa ni pale hali hiyo inapomjia bila kuitaka, nje ya mila, na kumharibia maisha. Kwa hiyo anayedai kuwa mwongozo huu umekuja kupiga vita mila zetu hajausoma.

Najua swali linalofuata: mbona hakuna kipimo cha damu? Ni kweli, sonona haina. Lakini hata presha ina mstari uliochorwa na watu. Kwa miaka mingi ulikuwa 140 kwa 90. Mwaka 2017 wataalamu wa Marekani wakaushusha hadi 130 kwa 80, na mamilioni waliolala wazima wakaamka wagonjwa bila mshipa wao wowote kubadilika. Hatukusema presha ni uzushi. Tulielewa kwamba mstari huchorwa pale madhara yanapoanza kuwa makubwa.

Sasa mrudie mwenye fremu. Huenda aliunguliwa na mali soko lilipowaka Julai 2021, au alikuwa jirani na ghorofa lililoporomoka Novemba 2024. Haji kwa daktari na neno sonona. Anasema kichwa kinawaka moto, mgongo unauma, moyo unakwenda mbio. Anapimwa malaria, anapimwa taifodi, anaambiwa hana kitu. Ananunua dawa za maumivu na kurudi dukani, ilhali Muhimbili, yenye madaktari wa akili, ni mwendo mfupi tu kwa bodaboda.

Chizi wa mtaa angalau tumemwona, tukampa chai. Huyu tunampa hongera kwa uvumilivu wake, mpaka asubuhi ile fremu isipofunguliwa.