Msitu Nao Wahitaji Daftari



Mtu mzima wa Elburgon, Turi au Molo anakumbuka mlio wa misumeno tangu alfajiri. Malori yalishuka na magogo, vibarua walilipwa, na siku hiyo hiyo mwenye viazi, maziwa au kuku alipata wanunuzi mlangoni. Fundi seremala na mama wa uji, wote walikula kwa mti. Leo mashine nyingi za mbao zimeshika kutu, na mkulima anauza viazi vyake kwa watu wasio na mshahara.

Wengi husema kazi hii iliuawa na amri za Serikali. Ni kweli kwamba mwaka 1999 ukataji ulizuiwa katika misitu ya Serikali. Tena Februari 2018 ikatoka amri ya siku 90, ikaongezwa mara kwa mara, hata Julai 2023 Rais Ruto akatangaza kuiondoa. Lakini mimi naona amri ilikuwa matanga tu. Ugonjwa ulianza zamani.

Nilisomea ualimu kabla ya kuingia ofisi ya kilimo, basi niwieni radhi nikileta hesabu. Mti wa saipresi wa kupasuliwa mbao huchukua kama miaka 30 kukomaa. Tuseme shamba la miti lina hekta 300. Halali yetu ni kukata hekta 10 kila mwaka na kupanda 10. Baada ya miaka 30 zile za kwanza ziko tayari tena, na kazi haikomi. Tukikata 20 na kupanda 5, mwaka wa 15 hakuna mti mkubwa uliosalia. Wahenga walisema: mali bila daftari huisha bila habari.

Kufunga msitu kabisa pia si dawa. Miti iliyopita umri huoza ndani ikiwa imesimama. Na vile vishamba tunavyolima viazi katikati ya miche ya msitu hupatikana mahali palipokatwa. Pasipokatwa hakuna kishamba kipya, wala jembe letu la kupalilia miche.

Wako watakaosema Mau ni chanzo cha maji, isiguswe. Wana haki kuhusu msitu wa asili, kwa maana mito ya Mara, Sondu na Njoro hutoka huko. Huo tuulinde. Lakini saipresi na paini zilipandwa kwa mikono kama mahindi, ili zivunwe.

Basi yatupasa kufanya mambo mawili.

Kwanza, Sheria ya Misitu ya 2016 imetupa nafasi ya kushiriki kupitia vyama vya jamii. Tuhudhurie mikutano, na tudai daftari lisomwe mbele ya watu kila mwaka: hekta ngapi zimekatwa, ngapi zimepandwa, na miche mingapi imepona. Anayekata bila kupanda anakula ada ya shule ya watoto wetu.

Pili, tusingoje lango la msitu. Mpaka wa shamba wenye urefu wa meta 100 hubeba miche 40, ikiachana meta mbili na nusu. Zungumza na jirani kwanza, kisha panda mvua ikianza. Mtoto anayeingia darasa la kwanza mwaka huo atakuwa mtu wa makamo miti ikikomaa, naye atakuwa na mbao za kuuza bila kuomba ruhusa ya kuingia msituni.

Karani wa Ofisi ya Kilimo