Seremala Aanze kwa Meza Yake

Ukiona vyaelea, vimeundwa. Mji wa kale wa Lamu umo katika orodha ya UNESCO ya urithi wa dunia tangu mwaka 2001, na milango yake ya nakshi ni sehemu ya sifa hiyo. Lakini mlango huchakaa, na hauwezi kujitengeneza wenyewe. Wataka mkono wa fundi. Na vijana wetu wengi waliosomea useremala wamekaa wakingoja: huyu angoja mkopo, yule angoja mashine, na huku randa yaota kutu.

Twasema kazi ya kwanza ya seremala ni kujiundia meza ya kazi, na meza hiyo haitaki mali nyingi. Vyombo vyake ni msumeno, randa, patasi, nyundo, keekee na skwea. Mbao zaweza kupatikana katika nyumba iliyovunjwa au makasha ya mizigo, mradi zing'olewe misumari yote, maana msumari mmoja uliosahauliwa huvunja makali ya randa.

Uso wa meza uwe na unene wa inchi 3 na urefu wa futi 6. Kimo apimwe fundi mwenyewe: asimame wima, ateremshe mikono, uso wa meza ufike kwenye kifundo cha mkono. Miguu isipigiliwe misumari mitupu, kwani kila randa inaposukumwa msumari hulegea. Iungwe kwa ulimi na tundu, unene wa ulimi ukiwa thuluthi ya unene wa mguu, kisha ikazwe kwa kabari.

Jiriwa la chuma ni ghali, asilingoje. Atoboe tundu karibu na ncha ya meza, atie kigingi cha mti mgumu. Ubao ukiegemezwa hapo, nguvu ya randa yenyewe huubana.

Atatokea wa kutuambia kuwa mafundi wa nakshi hufanya kazi wakiwa wameketi chini, na kazi yao hustaajabisha. Ni kweli, wala hatuwatoi makosa. Lakini nakshi huja mwisho. Kabla yake ubao sharti urandwe ukae sawa, na ubao mrefu haurandwi vyema juu ya kitu kinachotikisika.

Faida kubwa zaidi haionekani kwa macho. Aliyeimaliza meza hiyo amekwisha kupima, kukata, kuranda, kutoboa na kuunga. Amefanya mtihani wake, na cheti chake chasimama kwa miguu minne.

Basi enyi mafundi wakuu, mwanagenzi msimfanye wa kufagia maranda na kuchemsha chai mwaka mzima. Mpeni mbao mlizozitupa uani, mwonyesheni tundu la kwanza, kisha mwacheni aunde. Ustadi usiporithishwa huzikwa na mwenyewe, na milango yetu itabaki kutazamwa na watu wasioweza kuitengeneza.