Asiransi ya motokari gani?

Hapa Lubumbashi kila mtu anazijua: Hiace zilizotengenezwa kwa kubeba mizigo, zikaingia garaji, wakachomelea benchi, wakakata madirisha, sasa zinabeba watu. Zingine volani ilikuwa kuume, wakaihamisha kushoto.

Asiransi ya motokari ni lazima katika inchi yetu tangu 1973. Na tangu sheria ya Machi 2015 ilipofungua soko, Sonas haiko tena peke yake. Muzuri. Lakini kama mkataba ungali unasema motokari ni ya mizigo, viti 3, siku ya aksida kampuni itahesabu viti na kusema: hii si ile tuliyoiandika.

Mwenye motokari aseme alichobadilisha, ndiyo. (Shofere wa verseman, yeye hata ule mkataba hajauona.) Lakini kampuni nayo itume mtu aangalie motokari mbele ya kukamata makuta. Kufumba macho siku ya kupokea, kisha kuyafumbua siku ya kulipa, sisi hatukubali. Mama aliyevunjika mguu kwenye benchi ya nyuma alilipa franka zake tu. Hakuuliza nani aliichomelea.