Kuchanganya si Kuchakachua

Ni desturi yetu wanafunzi wa Kiswahili kulalamika kwamba lugha hii imenyimwa nafasi katika sayansi. Katika makala haya nashikilia kuwa aghalabu nafasi hiyo ipo, ila sisi wenyewe hatuiendei. Mfano wangu ni petroli iliyochanganywa na ethanoli.

Ifahamike kwamba suala hili si geni kwetu. Kati ya mwaka 1983 na 1993, Kenya iliuza petroli iliyotiwa ethanoli ya molasi ya miwa kutoka Muhoroni. Malawi ilianza mwaka 1982, na Uganda ilitunga sheria ya kuruhusu mchanganyiko wa aina hii mwaka 2020. Si ajabu, basi, ukarejea katika vituo vyetu siku moja. Manufaa yake hayakataliki: hupunguza petroli inayoagizwa kutoka nje, na humpa mkulima wa miwa soko jingine.

Hata hivyo, hakuna masika yasiyokuwa na mbu. Lita moja ya ethanoli ina nishati pungufu kwa takriban theluthi moja ikilinganishwa na petroli. Aidha, ethanoli huyeyusha uchafu uliogandia tangini na kuupeleka kwenye chujio na kabureta, na huharibu mipira ya mifumo ya zamani. Magari mengi mapya yameundwa kustahimili mchanganyiko wa asilimia 10. Magari makuukuu na mashine za boti ndizo zenye hatari zaidi.

Mtazame mvuvi wa Mji wa Kale, Mombasa. Kusi likivuma na bahari ikichafuka, mashine hulazwa kwa majuma kadhaa huku mafuta yakiwa tangini. Petroli tupu haichangamani na maji. Maji hutuama chini, na fundi huyamwaga. Penye ethanoli, maji hunywewa kwanza pasipo kuonekana. Yakizidi kiasi, ethanoli na maji hujitenga kwa pamoja na kuzama chini ya tangi, pale pale mrija unapovuta. Mashine nyingi ndogo za boti hutegemea oili iliyochanganywa ndani ya petroli. Zikivuta tabaka lile la chini, hukosa oili ya kutosha na vyuma vikasagana. Hapo mvuvi atakuwa amepoteza chombo cha riziki kwa kukosa sentensi mbili za onyo.

Onyo hilo litatumia neno gani? Wenzetu wa Tanzania walitupa kitenzi kuchakachua, kwa maana ya kughushi mafuta, na mwaka 2010 mamlaka yao ya EWURA ilianza kuyatia mafuta vinasaba ili kuwanasa wenye tabia hiyo. Kenya nayo, mwaka 2018, iliyatoza mafuta ya taa shilingi 18 kwa lita ili kuzuia yasichanganywe na dizeli na petroli. Kuchakachua ni jinai, ilhali kuchanganya kwa kipimo cha sheria ni sera. Tusipotenganisha maneno haya mapema, mteja atadhani kaibiwa pale ambapo hakuibiwa, na mlaghai atajificha nyuma ya sheria.

Wapo watakaosema kwamba kazi hii ni ya wahandisi. Sikubaliani nao. Niliwahi kumwuliza fundi mmoja wa Kibokoni sababu ya mashine kukataa kuwaka. Akanusa mafuta, akaniambia, "Haya yamekunywa maji, mwanangu." Nilikuwa na istilahi ndefu daftarini, lakini kitenzi chake kilieleza jambo lile lile kwa neno moja. Istilahi zetu haziwezi kusimama imara bila kuwasikiliza watu kama huyu.

Kiswahili ni lugha rasmi kwa mujibu wa Katiba ya mwaka 2010. Uingereza ilipofanya mchanganyiko wa asilimia 10 kuwa petroli ya kawaida mwaka 2021, wenye magari walielezwa mapema, kwa lugha wanayoielewa. Nasi tushuke Bandari ya Kale na kwenye gereji, tukusanye maneno, kisha tuandike onyo letu kabla pampu hazijabadilishwa. Mimi naanza hivi: "Petroli hii ina ethanoli. Usiilaze tangini. Mwenye boti au gari kuukuu, muulize fundi kwanza." Anayeweza kulinyoosha zaidi, na alinyooshe.