Tazameni pete kwanza

Ndugu mwandishi, urefu wa fimbo ya kuvulia umeueleza vizuri, ila pete za kupitishia mshipi umezipita mbio, na huku pwani chumvi huanza kula hapo hapo. Dukani mimi huomba kipande cha pamba nikakipitisha ndani ya kila pete. Pamba ikinasa, pana ufa, na ufa huo ndio utakaokata mshipi wa kusuka siku kolekole akikimbilia mwambani. Kwa kurusha kutoka ufukweni, mita 2.7 zatosha, chomboni chukua 2.1, ndefu itawapiga wenzio. Soma na gramu zilizoandikwa juu ya mpini: 20 hadi 60 hufaa vyambo bandia vingi. Bei? Bora fimbo ya wastani yenye rili nzuri, si kinyume chake. Ukirudi ioshe kwa maji baridi, hasa pale rili inapofungwa.